Gonga chesisi kwanza: Land Rover kuukuu za Kusini

Pesa za korosho zikishaingia tu, simu yangu huanza kuita. Mtu ameona Land Rover kuukuu huko Newala au Masasi, imeegeshwa chini ya mkorosho miaka mingi, na anataka kuifufua. "Fundi, injini inawaka kabisa, niichukue?" Namwuliza kitu kimoja tu: hilo gari limeishi wapi?

Wengi hudhani nakwepa swali. Lakini injini ya petroli ya cc 2286, ambayo utaikuta kwenye Land Rover nyingi za matoleo ya Series II, IIA na III, haina siri. Nimewahi kuikuta imeganda kabisa, nikamimina dizeli na oili kwenye matundu ya plagi, nikaiacha siku nne, halafu nikaizungusha taratibu kwa ule mkono wa chuma wa mbele mpaka ikalegea. Kabureta huoshwa, waya zilizoliwa na panya hutandikwa upya. Injini mbovu ni nafuu yako, maana inashusha bei.

Kinachofilisi watu ni chesisi, fremu inayobeba gari zima. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu. Gari hili lilipozinduliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani, bati la chuma likitolewa kwa mgao, ilhali aluminiamu ilipatikana. Kwa hiyo gari la miaka hamsini linapigwa jua na mvua na bado linaonekana zima. Lakini chini ya bodi hiyo kuna chesisi ya chuma, mabati manne yaliyochomelewa yakawa kama boksi refu. Tope na maji huingia humo ndani na kukaa, na kutu huanza kulila kwa ndani. Ukiiona nje, ujue imeshamaliza kazi.

Mimi mwenyewe niliingia mkenge Lindi. Ilikuwa 109, ile ndefu, rangi mpya, injini inanguruma vizuri. Sikujua kwamba miaka yote ilikuwa ikibeba magunia kutoka mashamba ya chumvi. Nilipofika nayo gereji nikaweka jeki chini ya boriti ya nyuma, nikapampu, gari halikupanda. Jeki ndiyo iliyozama ndani ya chuma, kama kidole kwenye papai bivu. Chesisi ile ilinila mara tatu ya bei niliyonunulia gari.

Tangu siku hiyo sitoki bila nyundo ndogo. Nalala chini na kugonga kuanzia boriti ya nyuma, nakwenda kwenye masikio yanayoshika springi, kisha mikono inayobeba bodi pembeni. Chuma kizima hulia, ngii. Kilichooza hujibu pu, kama debe la mchanga. Rangi nzito nyeusi iliyopakwa wiki iliyopita naiogopa kuliko kutu ya wazi, kwa hiyo hapo nagonga mara mbili. Halafu nainua kapeti upande wa dereva. Ukuta unaotenganisha injini na miguu nao ni wa chuma, na ukioza pale chini ya pedali utakuwa na kazi ya miezi. Kama mlango unaning'inia, tazama bawaba zinapofungwa.

Pwani kuna ugonjwa mwingine. Aluminiamu ikigusana na chuma, katikati pakiwa na maji ya chumvi, vinafanya kazi kama betri, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Utakuta unga mweupe kama wa muhogo kandokando ya riveti. Ndiyo maana kati ya gari linalotembea la Mikindani na gari lililokufa la Nachingwea, mbali na bahari, mimi nachukua maiti.

Nimetaja Nachingwea nikakumbuka madalali. Kuna mmoja aliniapia kwamba gari lake lililetwa na Waingereza wa mradi wa karanga. Mradi ule ulianza 1947 ukafa 1951, kwa hiyo Land Rover ya wakati huo haiwezi kuwa nyingine ila Series I, toleo la kwanza. Yake ilikuwa na grili ya plastiki na saa ya spidi mbele ya dereva. Hiyo ni Series III, iliyoanza kutoka 1971. Kwenye zile za kabla yake saa ziko katikati ya dashibodi. Nilicheka, naye akacheka, bei ikashuka.

Kwenye gia, usiishtukie IIA ikikwaruza ukirudi namba mbili, maana gia hizo za chini hazina sinkro, kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Gia inayoruka yenyewe ukiachia mafuta mteremkoni ndiyo mbovu. Vuta pia ile fimbo ya kichwa chekundu uone kama gia ndogo inaingia na magurudumu ya mbele yanavuta.

Makaratasi yanaweza kukutesa kuliko kutu. Namba ya chesisi imegongwa kwenye sikio la springi ya mbele kulia. Sugua kwa brashi ya waya uilinganishe na kadi ya gari. Na jina lililo kwenye kadi, je, mwenyewe yu hai?

Naisema hii kwa uchungu. Nachingwea kuna 88, ile fupi, chesisi inalia ngii kuanzia mbele mpaka nyuma, sijawahi kuona nyingine kama hiyo. Kadi ni ya marehemu kaka yake mzee anayeuza, na mirathi haikufunguliwa. "Lipa tu, mwanangu, hakuna atakayekusumbua," aliniambia. Nikamwomba kwanza mahakama imtambue msimamizi, ili TRA, mamlaka ya mapato, wapate mtu wa kusaini. Mwaka wa pili huu naisubiri, na kuku wake wanatagia kwenye kiti cha dereva.