Mafuta ya kurudia

Kampuni binafsi ikitangaza mpango wa kupeleka watu Mirihi, mimi hutafuta jambo moja tu katika maelezo yake: mafuta ya kurudia yatatoka wapi? Kazi yangu ni mifumo ya mafuta ya roketi, kwa hiyo mnisamehe nikiipita haraka ile michoro ya nyumba za vioo zilizozungukwa na vumbi jekundu.

Roketi, kwa jicho la fundi, ni tangi lililofungwa injini. Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, inaporuka ina uzito wa tani 549 hivi, na zaidi ya asilimia 90 ya uzito huo ni mafuta na oksijeni ya kuyachomea. Kuifanya iruke ilikuwa shida kubwa: SpaceX, iliyoanzishwa mwaka 2002, ilipoteza Falcon 1 tatu kabla ya ile ya nne kufika kwenye mzingo wa kuizunguka dunia Septemba 2008. Desemba 2015 sehemu ya chini ya Falcon 9 ilirudi ikatua wima. Tangu hapo kuruka kumekuwa nafuu, na sifa hiyo nawapa bila kinyongo.

Lakini Falcon 9 huchoma mafuta ya taa. Ndiyo, mafuta ya taa, ila yamesafishwa mno. Yana nguvu, tatizo lake ni masizi: yanaganda ndani ya injini unayotaka kuirusha tena. Starship, roketi yao kubwa zaidi, imehamia kwenye methani, ambayo huacha uchafu kidogo sana. Ipo sababu nyingine iliyo nzito zaidi: methani inaweza kupikwa hukohuko Mirihi.

Hewa ya Mirihi, ingawa ni nyepesi ajabu, asilimia 95 yake ni hewa ya ukaa. Chini ya udongo, sehemu nyingi, kuna barafu. Yeyusha barafu, itenganishe kwa umeme upate haidrojeni na oksijeni, kisha pitisha haidrojeni pamoja na hewa ya ukaa juu ya nikeli yenye moto. Utapata methani na maji. Mfaransa Paul Sabatier aliyefungua njia hii alipewa Nobel mwaka 1912, na sidhani kama aliwahi kuwaza roketi. Mwaka 1990 wahandisi Robert Zubrin na David Baker walipendekeza chombo cha kurudia kitangulie bila watu, kijitengenezee mafuta, na wasafiri waondoke duniani tangi likiwa limeshajaa.

Kwenye karatasi ni rahisi. Tuje kwenye vipimo. Kifaa cha MOXIE, kilichobebwa na Perseverance, gari la NASA lisilo na watu, kilitengeneza oksijeni kutoka hewa ya Mirihi kati ya 2021 na 2023. Jumla yake ilikuwa gramu 122, na kilipofanya vizuri kabisa kilitoa gramu 12 kwa saa. NASA inakadiria kwamba kuwainua watu wanne kutoka Mirihi kunahitaji tani 25 hivi za oksijeni. Piga hesabu: kwa mwendo ule, ni zaidi ya miaka 230. MOXIE ilikuwa jaribio dogo, nami naihesabu kuwa mafanikio makubwa, ila mtambo halisi lazima uizidi mara mamia. Na hapo sijaitaja Starship, ambayo tangi za toleo lake la kwanza zilibeba tani 1,200 hivi.

Mtambo wa namna hiyo unakula umeme usiku na mchana, maana hata oksijeni iliyokwisha kupatikana lazima itunzwe kwenye baridi ya nyuzi 183 chini ya sifuri, la sivyo inachemka na kupotea. Jua la Mirihi halifiki nusu ya letu. Mwaka 2018 dhoruba ya vumbi iliifunika sayari nzima, gari la Opportunity, lililotegemea umeme wa jua, likakosa umeme na halikuamka tena. Mimi ningeanza na kinu kidogo cha nyuklia, kitangulie miezi 26 kabla ya watu, yaani dirisha moja zima la safari, kwa kuwa nafasi nzuri ya kwenda Mirihi huja mara moja kila miezi 26 hivi, na hakuna mtu angepanda roketi mpaka kipimo cha tangi kule kisome kwamba limejaa.