Arobaini imekwisha, mbio bado

Alikuja kanga kiunoni, ndani kaptura ya mazoezi. Mkimbiaji wa mita 1500, wiki ya tisa tangu ajifungue. Nilimwambia aruke kwa mguu mmoja mara 10. Akaruka mara nne, akasimama, akaivuta kanga mbele.

"Mkojo?" nikamuuliza. Akainamisha kichwa. Shangazi yake, aliyekuwa amempakata mtoto, akajibu kwa niaba yake: "Sote tumepita huko, daktari. Ndiyo uzazi."

Nafanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, hapa Mtwara, na wanamichezo wazazi huniletea goti au kiuno. Mkojo hawautaji mpaka niuulize. Shikamoo zangu zote kwa shangazi, lakini hapo nilimbishia: kweli huwatokea wengi, ila kuna tiba, na wengi hupata nafuu kwa mazoezi tu.

Fikiria kitanda cha kamba. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa hivyo hivyo, imebeba kibofu, mji wa mimba na mwisho wa utumbo mpana. Miezi tisa ya uzito, kisha mtoto kupita, kamba zinalegea. Kurudi kwake huchukua miezi minne hadi sita. Sasa mkimbiaji akitua, kila hatua inamrudishia nguvu mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Aliyejifungua kwa upasuaji naye hajasalimika, maana mimba aliibeba, na juu yake ana kidonda cha tumbo.

Arobaini ya wazee wetu ina hekima yake, kwani kufikia wiki ya sita hivi mji wa mimba huwa umekaribia ukubwa wake wa zamani. Ila ilikuwa ruhusa ya kutoka nje, haikuwa ruhusa ya kukimbia. Mwongozo wa wanafiziotherapia wa Uingereza wa 2019 unataka mbio zisubiri angalau miezi mitatu. Likizo ya uzazi kwa sheria yetu ni siku 84, yaani wiki 12, kwa hiyo kocha hupiga hesabu: likizo imeisha, njoo. Mimi tarehe hainishawishi. Nataka utembee dakika 30, usimame kwa mguu mmoja sekunde 10, ukimbie papo hapo dakika moja, uruke mara 10 kila mguu, bila kuvuja, bila maumivu, bila kuhisi kitu kizito kinashuka ukeni. Kimoja kikigoma, tunarudi nyuma.

Tulianza na kukaza. Kaza kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, makalio yalegee, pumzi iendelee. Wengi hubana pumzi, na hapo wanasukuma chini badala ya kuvuta juu. Shika hadi sekunde 10, achia kabisa, rudia mara 8 hadi 12, mara tatu kwa siku. Mkaja sikumkataza, nilimwomba tu asiukaze mpaka tumbo likose pa kwenda. Presha itatafuta njia, na njia ni chini.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa sahani yake. Alikuwa anakula kidogo ili "kiuno kirudi", huku ananyonyesha na kufanya mazoezi. Kunyonyesha peke yake hudai takriban kilokalori 500 za ziada kwa siku, sawa na gramu 90 hivi za korosho. Mtwara hii, mtu ashinde njaa ya korosho! Mifupa nayo hutoa madini kwa ajili ya maziwa, kisha hujijaza tena mtoto akiacha ziwa, hivyo maumivu ya sehemu moja kwenye muundi hayapuuzwi, huenda mfupa umepata ufa. Mazoezi ya kiasi hayaharibu maziwa. Nyonyesha kwanza, ndipo ukimbie. Kifua kitakuwa chepesi.

Damu ikirudi nyingi, mguu mmoja ukivimba au kifua kikibana, usije kwangu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Alikuwa akinitajia Faith Kipyegon wa Kenya, aliyejifungua 2018 na kuchukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo 2021. Nikamkumbusha kuwa katikati kuna 2019, mashindano ya dunia Doha, alikopata medali ya fedha. Hata yeye alihitaji zaidi ya mwaka.

Mwezi wa sita tangu ajifungue, alirudi. Kanga aliitandika sakafuni, mtoto akalala juu yake, naye akaanza kuruka kabla sijamwambia. Shangazi alikuwa anahesabu kwa sauti.