Je, wajua kwa nini kumpigia msomaji asiyeona picha za kurasa hakumpatii kitabu?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba msomaji asiyeona akiomba kitabu, anayejitolea ana njia mbili tu: amsomee kwa sauti, au akipige picha ukurasa kwa ukurasa na kumtumia. Simu si siku hizi zinaongea?

Zinaongea, ila picha hazizitamki. Programu ya kusoma skrini hutamka herufi, na kwenye picha ya ukurasa hakuna herufi hata moja. Kuna madoa meusi juu ya weupe. Ni kama kumpa mtu picha ya ufunguo: meno yote yanaonekana, mlango haufunguki.

Kwa hiyo picha hupitishwa kwanza kwenye programu ya kutambua maandishi, nayo hukisia kwa umbo. Mfikirie abiria kituoni anayetazama daladala ikiwa bado mbali. Anaona neno refu lenye M mbele, anasema Mbagala. Gari linafika, kumbe Makumbusho. Vivyo hivyo, h ambayo wino umevuja kati ya miguu yake huonekana b. “Hata mama alilia” inakuwa “Bata mama alilia.” Kikagua tahajia hakishtuki, maana bata ni neno halali. “Hali” hugeuka “bali”. Alama ya ng' ikipotea, “ng'oa” inakuwa “ngoa”, yaani wivu. Kwenye chapa safi makosa haya ni machache. Vitabu vya zamani ndivyo vinavyotesa.

Halafu kuna kichwa cha ukurasa. Kisipoondolewa, msikilizaji anapata: “watoto wakakimbilia Sura ya Tatu arobaini na saba chini ya mwembe.” Namba ya ukurasa, hata hivyo, haifutwi. Huwekewa alama mahali pake, kwa sababu darasani mwalimu atasema fungueni ukurasa wa 47, na mwanafunzi huyu naye lazima afike.

Kabla ya yote hayo, anayepokea maombi ya vitabu huuliza: toleo lipi? Hakimo tayari kwenye hifadhi ya nakala zilizokwisha kutengenezwa? Hakuna mwenzetu wa kujitolea aliyekwisha kukianza? Bookshare ya Marekani, maktaba ya mtandaoni ya wasioweza kusoma chapa ya kawaida, iliyoanza 2002, ilijengwa kwa vitabu vilivyoskaniwa na watu wa kujitolea. Sasa vingi huja moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji vikiwa na herufi zake, na kwa hivyo bata hatokei. Kisheria, Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unaruhusu nakala hizi zitengenezwe na kuvuka mipaka; Kenya ilijiunga 2017, Tanzania 2020.

Baadhi ya wanaosahihisha nakala ni wasioona wenyewe, na kwangu hilo ndilo zuri kuliko yote. Jicho linaloona huirekebisha “bata” kimyakimya na kupita. Sikio halifanyi hivyo: sauti inatamka “Bata mama alilia”, msahihishaji anasimama hapo hapo, anarudi nyuma neno moja, anaandika h.