Je, wajua? Asteroidi hupimwa kwa joto lake

Teremka ufukweni Malindi saa mbili usiku, uvue viatu. Mchanga uliokuunguza nyayo adhuhuri sasa umepoa. Keti kwenye ukuta wa zege karibu na gati, nao bado una moto wa mchana. Jua lililovipiga ni lilelile. Ila mchanga hupokea joto juujuu na kulirudisha upesi, na zege hulimeza hadi ndani kisha hulitoa polepole, mpaka usiku.

Kwa kufuata tabia hiyohiyo, wanaastronomia hukisia kama asteroidi, yaani jabali linalolizunguka Jua, imefunikwa na mchanga au mawe, ingawa hata katika darubini kubwa nyingi huonekana nukta tu.

Lakini kwanza kuna fumbo la ukubwa. Asteroidi haina mwanga wake, hurudisha wa Jua. Kwa hiyo sahani ndogo nyeupe na sufuria kubwa iliyojaa masizi, zikiwa mbali, zaweza kung'aa sawasawa. Utajuaje ipi ni ipi? Kwa joto. Kitu cheusi humeza mwanga, na mwanga uliomezwa haupotei: hutoka tena kama miale ya infraredi, ile ambayo jicho halioni. Kila mpishi anaijua. Makaa yaliyofunikwa na jivu huyaoni gizani, ila ukisogeza kiganja unajua yapo. Ukipima mwanga unaorudishwa na joto linalotolewa, ukubwa wa asteroidi hupatikana, pamoja na weusi wake.

Mfano wa karibuni ni asteroidi 2024 YR4, iliyogunduliwa Desemba 2024. Februari 2025 uwezekano wa kuigonga Dunia mwaka 2032 ulikadiriwa kufika asilimia 3.1, kabla ya vipimo zaidi kuushusha karibu na sifuri. Kwa mwanga wa kawaida ilikadiriwa kuwa na upana kati ya mita 40 na 90. Hiyo si tofauti ndogo: upana ukizidi mara mbili na robo, uzito huzidi mara 11 hivi. Machi 2025 darubini ya James Webb ikapima joto lake, na jibu likawa mita 60 hivi. Tena ilionekana haina mchanga laini, bali mawe ya kadiri ya ngumi au zaidi.

Kuhusu mawe, joto liliwahi kuwachezea wataalamu. Mwaka 2007 darubini ya Spitzer iliitazama Bennu, asteroidi yenye upana wa mita 490 hivi, nyeusi karibu kama makaa. Bennu hujizungusha kila baada ya saa 4.3, na uso wake ulionekana kupata joto na kupoa upesi. Wakahitimisha kwamba sehemu kubwa ni changarawe laini. Chombo cha angani OSIRIS-REx kilipofika Desemba 2018, kikakuta majabali kila upande, mengine makubwa kama nyumba! Hata mahali pa kugusa chini palitafutwa kwa shida.

Kosa halikuwa la kipimajoto. Mawe yale yana matundu mengi ndani. Okota kipande cha tumbawe lililokufa pale ufukweni: ni jiwe, lakini jepesi, na joto hupenya humo kwa taabu. Mwenye kulipima kwa mbali angeapa ni mchanga. Mimi naona kosa hili lilifundisha kuliko majibu mengi sahihi, maana sasa joto lasoma hata matundu yaliyomo ndani ya jiwe.

Na joto hilo lina nguvu. Upande wa asteroidi ulio alasiri hutoa joto zaidi, na kila mwale unaotoka huisukuma kidogo, kidogo mno. Njia ya Bennu kulizunguka Jua husogezwa hivyo mita 284 hivi kila mwaka. Anayetaka kujua itakuwa wapi miaka mia ijayo lazima aihesabu alasiri yake.

Je, darubini ya kupima joto hilo ingefaa kujengwa Malindi? Hapana. Mvuke wa hewani humeza sehemu kubwa ya infraredi, na pwani yetu ni mvuke mtupu. Zaidi ya hayo, kila chenye joto hutoa miale hiyo, hata darubini yenyewe, ikawa kama kutafuta kimulimuli umeshika karabai. Ndiyo maana Webb imepelekwa kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani, nyuma ya ngao ya kuzuia Jua. Lakini Malindi si mgeni wa mambo haya. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei angani, na kwa kuwa siku hiyo ni sikukuu ya Kenya, ikaitwa Uhuru. Nayo ilibidi ipande juu kwa sababu ileile: hewa huziba.

Ijumaa, 13 Aprili 2029, asteroidi Apophis itapita kilomita 32,000 hivi kutoka uso wa Dunia, na Afrika ni miongoni mwa sehemu zitakazoweza kuiona kwa macho matupu. Shida ni moja tu: Aprili huku kwetu ni masika, na mawingu hayaombwi ruhusa.