Mtoto hatulii darasani? Anzeni na masikio, macho na usingizi

Wazazi wengi wanaofika kliniki ya afya ya akili ya watoto wametumwa na mwalimu: mtoto anainukainuka kwenye dawati, anajibu kabla swali halijaisha, daftari limejaa kazi zilizoishia katikati. Wengine wameshapita kwa waganga na kwenye maombi, na fimbo imeshajaribiwa. Wanachotaka kujua ni kimoja: je, ana ADHD?

Huenda. Tatizo hili la kukosa umakini na utukutu uliopitiliza linakadiriwa kuwapata watoto wapatao 5 kati ya kila 100 duniani. Mara nyingi hurithiwa, ndiyo maana baba hucheka kidogo na kusema, "Hata mimi nilikuwa hivyohivyo." Watoto waliozaliwa njiti nao wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nalo. Halisababishwi na kudekezwa wala soda.

Lakini malalamiko ya mwalimu peke yake hayatoshi. Dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6, ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, na zionekane zaidi ya sehemu moja. Mtoto anayehangaika shuleni tu, huku nyumbani na madrasa ametulia, ananifanya niulize kuhusu shule kwanza. Pengine haoni ubao. Pengine anaonewa na wenzake.

Masikio yanayotoa usaha mara kwa mara hupunguza usikivu. Anayekoroma na kulala mdomo wazi huenda ana vinyama nyuma ya pua vinavyomharibia usingizi. Mtu mzima asiyelala vizuri husinzia mchana, ila mtoto mara nyingi huzidi kurukaruka. Ipo pia aina ya kifafa isiyo na degedege: mtoto anakodoa macho sekunde chache, haitikii jina lake, kisha anaendelea na alichokuwa akifanya. Kwenye ripoti huandikwa "hasikilizi".

Tazameni na tarehe ya kuzaliwa. Tafiti za nchi kadhaa zimeonyesha kuwa wenye umri mdogo zaidi darasani ndio huambiwa zaidi kwamba wana ADHD, wakati wengine wamezidiwa tu miezi kumi na jirani yao wa dawati.

Anayenipa wasiwasi zaidi, kusema kweli, ni binti asiyemsumbua mtu. Naye anaweza kuwa na ADHD, bila utukutu: amekaa kimya, mawazo yako mbali, anasahau kalamu, anaruka maswali. Hakuna anayemleta hospitali mpaka afeli.

ADHD ikithibitika, kwa walio chini ya miaka 6 tunaanza kwa kuwafundisha wazazi namna ya kumwongoza mtoto. Kuanzia miaka 6 daktari anaweza kuongeza dawa kama methylphenidate, huku akifuatilia uzito, kimo, mapigo ya moyo na hamu ya kula. Darasani, mtoto akae mbele, apewe agizo moja kwa wakati, kazi ikatwe vipande, na akipatia asifiwe papo hapo. Mpeni kazi ya kufuta ubao, anahitaji kusogea. Fimbo haimwongezei umakini, inamwongezea hofu ya shule.

Mkija kliniki, leteni madaftari, ripoti za mihula iliyopita na kadi yake ya kliniki ya utotoni. Mwombeni mwalimu aandike ni kipindi gani mtoto huvurugika, saa ngapi, na amekaa na nani. "Ni mtundu sana" haitusaidii.