Ripoti ya athari kwa mazingira si orodha ya miti iliyopandwa

Siku hizi kipengele cha athari kwa mazingira kimeingia kwenye fomu nyingi za ruzuku. Kikundi cha ngoma, tamasha la muziki, nyumba ya makumbusho, hata karakana ya wachongaji, wote wakiomba fedha au wakirudisha hesabu kwa mfadhili wanakutana nacho huko karibu na mwisho: elezeni athari za shughuli zenu kwa mazingira. Nami kila ninaposoma majibu naona yale yale. Tulipanda miche. Tulisafisha ufukwe. Wimbo wetu ulihamasisha jamii kutunza vyanzo vya maji. Hivi karibuni nimeyasoma tena, safari hii kwenye ripoti ya tamasha linaloendeshwa na watu makini kabisa, wenye hesabu safi za fedha hadi shilingi ya mwisho, na ukurasa wao wa mazingira haukuwa na namba hata moja inayohusu tamasha lenyewe. Ndipo nikaona heri niandike.

Maana yake ni fupi. Ripoti ya athari kwa mazingira, kwa taasisi ya sanaa au utamaduni, ni hesabu ya mzigo ambao kazi ya taasisi hiyo imeutwisha mazingira katika kipindi fulani, kwa kawaida mwaka mmoja: umeme, mafuta, maji, safari, usafirishaji wa mizigo, vifaa vilivyonunuliwa, taka. Kila kitu huandikwa kwa kipimo chake, uniti au lita au kilomita, kisha mara nyingi hugeuzwa kuwa kilo au tani za hewa ukaa, ile gesi inayotoka mafuta yakiungua na kuipasha dunia joto, ili vijumlishwe pamoja. Mwaka unaofuata hesabu hurudiwa kwa njia ile ile, mtu aone kama imepanda au imeshuka. Hiyo ndiyo ripoti.

Nianze na mkanganyiko mdogo, maana nao upo. Wengine wakisikia jina hili wanafikiria Tathmini ya Athari kwa Mazingira, ile TAM inayosimamiwa na mamlaka ya mazingira ya serikali, Tanzania bara chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, au kule Kenya chini ya sheria ya 1999. TAM hufanywa kabla mradi haujaanza: unataka kujenga ukumbi, barabara, hoteli, unaonyesha kwanza utaharibu nini na utazuiaje. Ukishapata cheti unaendelea. Ripoti ninayoizungumzia huja baada ya kazi, hurudi kila mwaka, na kikundi kisichojenga hata choo kinaweza kuitwa kuiandika. Huhitaji mtaalamu aliyesajiliwa. Unahitaji risiti.

Mkanganyiko mkubwa ni ule wa miti, na ili kuuelewa ni vizuri kujua ripoti hizi zimetoka wapi. Mwaka 2007 watu wa biashara ya muziki jijini London walianzisha shirika lisilo la faida, Julie's Bicycle, baada ya kujiuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake: muziki wa Uingereza unatoa gesijoto, yaani hewa ukaa na nyingine za aina yake, kiasi gani? Walishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, na jibu likaja kuwa takribani tani 540,000 kwa mwaka. Kilichowashtua zaidi ni mgawanyo wake. Fungu kubwa kuliko yote, kama asilimia 43, halikutoka studio wala jukwaani. Lilitoka kwa mashabiki wakisafiri kwenda na kurudi kwenye maonyesho.

Miaka michache baadaye, mwaka 2012, Arts Council England, chombo kinachogawa fedha za umma na za bahati nasibu kwa sanaa huko England, kiliweka sharti kwenye mikataba ya ruzuku. Majumba ya tamthilia, makumbusho, bendi za okestra, vikundi vya dansi, wote waliokuwa kwenye orodha yake ya kudumu walitakiwa kuwa na sera ya mazingira, mpango wa utekelezaji, na takwimu za nishati na maji, zikiingizwa kwenye kikokotoo cha Julie's Bicycle. Hakuna mfadhili wa sanaa duniani aliyekuwa amefanya hivyo kabla. Fomu tunazozijaza leo huku kwetu, nyingi nadhani ni wajukuu wa sharti lile.

Tazama kilichoulizwa: nishati na maji. Tamthilia inaweza kuwa inahusu ukame, inaweza kuwa inahusu mapenzi, bado mita ya umeme ya ukumbi inazunguka kwa kasi ile ile. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Wanadhani wanaulizwa wameyafanyia mazingira jambo gani jema, wakati wanaulizwa kazi yao imeyagharimu mazingira kiasi gani. Ni maswali mawili, na yote mawili yana heshima yake. Sisemi hata kidogo kwamba igizo linaloeleza kwa nini mikoko isikatwe ni jambo dogo. Mimi mwenyewe nimeona kijiji kikibishana usiku kucha baada ya igizo la namna hiyo, na ubishi ule hakuna semina ingeuzaa. Lakini lina mahali pake kwenye ripoti, kule kwenye matokeo ya kazi. Mwenye duka hapunguzi deni lake kwa kuandika upande ule ule wa daftari sadaka aliyoitoa Ijumaa.

Na hili la kupunguza hesabu ya hewa ukaa kwa miti, kwamba tumetoa tani tano lakini tumepanda miche mia mbili kwa hiyo tumebaki na sifuri, lina kanuni yake. Mwongozo unaotumiwa na wengi duniani ni Greenhouse Gas Protocol, uliotolewa na World Resources Institute pamoja na baraza la wafanyabiashara kwa maendeleo endelevu mwaka 2001 na kurekebishwa 2004. Unataka gesi uliyotoa iandikwe kamili, bila kupunguza chochote, na fidia yoyote iandikwe kando. Sababu inaeleweka. Dizeli iliyochomwa jana imeshakuwa moshi. Mche uliopandwa jana ni ahadi ya miaka mingi, nao unahitaji mvua, mlinzi dhidi ya mbuzi, na mtu atakayerudi kuuangalia tamasha likishasahaulika. Ripoti ya mwaka huu haiwezi kuuhesabia kazi ambayo bado haujaifanya.

Mwongozo huohuo hugawa gesi katika mawanda matatu. La kwanza ni mafuta unayoyachoma mwenyewe: jenereta lako, gari lako. La pili ni umeme unaonunua. La tatu ni mengine yote yanayotokea kwa sababu yako lakini nje ya mikono yako: ndege za wasanii, basi la kukodi, kontena la spika, chakula, safari za watazamaji. Taasisi nyingi huishia mawanda mawili ya kwanza kwa kuwa risiti zake ziko ofisini. Kwa jumba la makumbusho hilo si kosa kubwa, kwani kiyoyozi kinachokesha kulinda vitambaa na karatasi ndicho mlaji mkuu, na ni kwa kutazama matumizi hayo ya nishati ndipo wakurugenzi wa makumbusho makubwa wa kundi la Bizot walipokubaliana kulegeza masharti: nyuzijoto kati ya 16 na 25, unyevu kati ya asilimia 40 na 60 kwa vitu vingi, badala ya kubana chumba kwenye nyuzi moja mwaka mzima. Kwa tamasha, kuishia mawanda mawili ni kuacha nje karibu habari nzima.

Tufanye hesabu moja polepole. Tuseme ni tamasha la siku tatu Mji Mkongwe, Unguja. Umeme wa Unguja huja kwa waya chini ya bahari kutoka bara, na wanaokumbuka miezi ile kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kizima kikiwa gizani, hawahitaji kuelezwa kwa nini mafundi mitambo hawaanzi onyesho bila jenereta. Jenereta la jukwaa tuseme linakula lita 60 kwa usiku. Siku tatu ni lita 180. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Zidisha: kilo 486, yaani kama nusu tani. Ndiyo moshi unaoonekana, ndio unaonuka, na ndio waandaaji wanaoukimbilia wanapotaka kuonekana wamejali, wakaleta taa za sola.

Sasa mchukue mpiga gitaa mmoja aliyealikwa kutoka London. Tiketi yake ya kwenda na kurudi, kutegemea inavyohesabiwa, inakaribia tani moja au kuizidi. Mtu mmoja, kiti cha kawaida, amezidi jenereta la tamasha zima. Bendi ya watu wanane inakuwaje? Na watalii wanaotua kwa ajili ya wiki ya tamasha? Matamasha kama Sauti za Busara, lililoanza 2004, yamejengwa juu ya watu kukutana kutoka mbali, na mimi sitaki wasikutane. Ninachotaka ni mwandaaji aione namba hiyo kabla hajapanga ratiba, kwa sababu akishaiona kuna maamuzi yanayojileta yenyewe: msanii aliyeruka kwa muda wa saa kumi apige pia Dar, Mombasa na Nairobi badala ya kupiga dakika hamsini na kurudi; spika zikodishwe hapa hapa; wageni wa bara wapewe punguzo la boti wakinunua tiketi mapema. Massive Attack, bendi ya Bristol huko Uingereza, walifanya hivyo kwa upana zaidi. Walikabidhi takwimu za ziara zao kwa kituo cha utafiti wa tabianchi cha Tyndall, ripoti ikatoka 2021, na Agosti 2024 wakaandaa onyesho mjini kwao lililoendeshwa kwa betri, na mpango wa treni na mabasi kwa watazamaji. Betri zilipigwa picha sana. Treni ndizo zilizogusa fungu kubwa.

Jambo jingine linaloniudhi, nalo ni la kiufundi kidogo, ni kunakili vizidishi. Kizidishi ni ile namba inayogeuza uniti ya umeme kuwa kilo za hewa ukaa, na kila nchi ina yake kwa sababu kila nchi inafua umeme kivyake. Serikali ya Uingereza hutoa vyake vipya kila mwaka. Mtu wa Nairobi akitumia kizidishi cha Uingereza anajitwisha mzigo usio wake, maana sehemu kubwa kabisa ya umeme wa gridi ya Kenya ni jotoardhi ya Olkaria, maji, na upepo wa Marsabit. Tanzania tunachanganya maji na gesi asilia, na tangu bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lianze kufua umeme mwaka 2024, fungu la maji limekua. Kizidishi cha miaka mitano iliyopita hakitufai. Kikokotoo kikikuuliza nchi, chagua nchi yako. Kisipokuuliza, andika uniti zako kama zilivyo kwenye risiti za LUKU na uishie hapo. Uniti hazidanganyi, na atakayekuja kuzihesabu upya atakushukuru.

Hewa ukaa nayo si athari pekee, ingawa fomu nyingi huandikwa kana kwamba ndiyo. Mchonga vinyago vya Kimakonde anaweza kuwa hana jenereta wala tiketi ya ndege, mzigo wake wote ukawa kwenye gogo. Mpingo hukua taratibu mno, na ndio huohuo unaokwenda Ulaya kutengeneza klarineti na zumari za okestra. Kwa mchongaji, ripoti ya maana ni kusema alinunua mpingo kiasi gani, kutoka msitu upi, na kama msitu huo una mpango wa uvunaji, kama ilivyo kwa baadhi ya misitu ya vijiji wilayani Kilwa. Ngozi za ngoma, minazi, miyaa, rangi, vivyo hivyo.

Mifuko ya plastiki tuiache kabisa. Tanzania bara imeipiga marufuku tangu Juni 2019, Kenya tangu Agosti 2017, na Zanzibar ilitangulia wote. Kuandika kwamba tamasha halikutumia mifuko ya plastiki ni kuandika kwamba tamasha halikuvunja sheria.

Kwa hiyo ndugu yangu unayejaza fomu usiku huu, miti yako usiifute. Ihamishe. Iweke kwenye shughuli za jamii, pamoja na idadi ya miche iliyo hai leo, si ile iliyopigwa picha siku ya kupandwa. Kwenye kipengele cha athari andika lita za dizeli; ikiwa jenereta ni la kukodi na mafuta yamo kwenye bei, mpigie mwenye jenereta, anajua alijaza ngapi. Andika uniti za umeme, tiketi za ndege zilizolipwa na zilitoka mji gani, na mizigo. Palipo na pengo andika "hatukupima", ni jibu halali na msomaji mwenye akili ataliheshimu kuliko aya mbili za uhamasishaji. Watazamaji je? Kwenye mlango wa tamasha lijalo mpe kijana mmoja karatasi na kalamu, aulize kila mtu wa kumi anayeingia: umetoka wapi, na umekuja kwa usafiri gani.