Taa nyekundu zote hazisemi neno moja

Juzi nilifungua sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ya lori lililovutwa kutoka Inyala hadi karakana yetu hapa Uyole, Mbeya. Oili iliyobaki ilikuwa na vipande vinavyometameta kama magamba ya dagaa. Ni beringi za konrodi hizo, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, zimesagika. Dereva alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi. "Fundi, taa ya oili ilikuwa inawaka na kuzima kule tunapopanda kutoka Igurusi, nikasema ngoja nifike Uyole kwanza."

Asingeweza kufika. Madereva wa barabara hii ya Tunduma, hili linaniuma kwa sababu naliona mara kwa mara. Taa ya oili haikuambii tu kwamba oili imepungua. Inakuambia msukumo wake umeshuka. Kranki, shafti kuu ya injini, inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Msukumo ukikosekana, chuma kinagusa chuma, na injini yenye mzigo mlimani haihitaji dakika nyingi kunoki, yaani kukwama na kuharibika. Taa inayopepesa kwenye kona au mwinuko mara nyingi ni oili chache: inakimbilia upande mmoja wa sampu, pampu inanyonya hewa. Kwa hiyo toka barabarani, simama, zima. Weka vigingi na pembetatu, ngoja kama dakika 10 oili ishuke, kisha chomoa kijiti upime, gari likiwa sehemu tambarare. Kama imepungua na huoni inapovujia, ongeza, washa, tazama taa. Isipozima mara moja, au kama kipimo kilikuwa sawa tangu mwanzo, usiwashe tena. Ndiyo, huenda ni sensa tu imekufa. Lakini hilo aliseme fundi akiwa amefunga geji yake, si wewe kwa kubahatisha.

Joto nalo lina sheria yake, na hapo ndipo wengi wanachanganya. Mshale wa joto ukipanda kuelekea nyekundu huku maji yapo na mkanda wa feni unazunguka, usikimbilie kuzima. Ukizima, pampu ya maji inasimama, feni inasimama, na moto wote uliomo kwenye silinda hedi, kile kichwa cha injini, unabaki palepale. Punguza mwendo, egesha, toa gia, acha injini izunguke taratibu bila mzigo. Mshale ukishuka, iache dakika chache zaidi, na turbo nayo ipoe, ndipo uzime. Usiposhuka, zima.

Ila ukiona mvuke umetoka kwa kishindo, mpira umepasuka, au taa ya betri imewaka pamoja na ya joto, zima mara tu unaposimama. Kwenye malori mengi mkanda mmoja unazungusha jenereta na pampu ya maji, hivyo taa hizo mbili kwa pamoja mara nyingi ni mkanda umekatika. Na usidanganywe na mshale unaoshuka ghafla baada ya maji kumwagika: sensa iliyobaki kavu haipimi tena maji.

Kuhusu mfuniko wa rejeta, kile kipoozeo cha maji ya injini, nisikilizeni. Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hapa maji matupu yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, na injini yako inafanya kazi karibu na hapo hapo. Kinachozuia yasichemke ni msukumo unaoshikiliwa na mfuniko. Anayeziba rejeta kwa kitambaa ameuondoa ulinzi huo. Anayeufungua mfuniko injini ikiwa na moto anaachia maji yamrukie usoni. Nimewahi kumpeleka utingo hospitali kwa sababu hiyo. Wala usimwagie injini ya moto maji baridi ya mtoni, silinda hedi inaweza kupasuka.

Sasa mteremko. Taa yoyote ya injini ikikuwakia unashuka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, au Mlima Nyoka, usizungushe ufunguo gari likiwa kwenye mwendo. Injini ikifa, usukani unakuwa mgumu, kompresa haijazi upepo, na breki ya injini huna tena. Baki kwenye gia, simama kwanza, halafu uzime. Injini inanunulika.

Taa ya njano inakupa nafasi ya kufika karakana, ila usiibebe wiki nzima. Lori likipunguza nguvu lenyewe, kompyuta inailinda injini. Msichomoe betri ili taa ipotee, maana mnaweza kufuta hata kumbukumbu ambayo ingenisaidia kujua ugonjwa.

Na nyie wenye magari, dereva akipiga simu kwamba amesimama kwa sababu ya taa, msimwambie "njoo nayo hivyo hivyo". Tajiri wa lori hili la Inyala alisema maneno hayo, na sasa tunasubiri kranki kutoka Dar es Salaam. Dereva analala kabini na baridi hii ya Julai, na mzigo wa watu bado uko juu ya tela.